Somo: Isome santuri yako ya jazi kabla hatujaijadili

Wapendwa, mara nyingi mtu anatutajia santuri aliyoipata, tunamwambia "hongera, hiyo ni moto", na mazungumzo yanakufa hapo. Jazi inastahili zaidi ya hapo. Kila santuri ni kumbukumbu ya watu fulani waliokutana kwenye chumba fulani, siku fulani, na kesho yake wasingepiga vilevile. Ukishajua ni nani, wapi na lini, hutakosa la kusema. Somo hili linahusu namna ya kuyajua hayo kwa kuanzia na santuri yenyewe mkononi.

Hatua ya 1: Chagua wa kumfuata

Anayetaka kukusanya kila kitu huchoka mapema. Jazi ilianza kuingia kwenye santuri mwaka 1917, pale Original Dixieland Jass Band waliporekodi New York kwa kampuni ya Victor. Mwaka 1923 King Oliver alirekodi kwa Gennett kule Richmond, Indiana, na kijana Louis Armstrong alikuwa pembeni yake. Tangu hapo mzigo ni mkubwa, hakuna awezaye kuubeba wote.

Wengi huchagua kiongozi wa bendi. Mimi nakushauri umfuate mtu wa nyuma, hasa mpiga besi au mpiga drams. Chukua mpiga besi Paul Chambers. Mwaka 1956 yumo kwenye Tenor Madness ya Sonny Rollins, 1957 kwenye Blue Train ya John Coltrane, 1959 kwenye Kind of Blue ya Miles Davis, na mwaka huohuo kwenye Giant Steps ya Coltrane. Ukimshika yeye, anakupitisha kwa wakubwa wote, na sikio lako linajifunza kusikia kilicho chini ya solo.

Hatua ya 2: Soma kilichochongwa

Hapa ndipo penye utamu, kwa hiyo tusiharakishe. Toa santuri kwenye jalada ukiishika kwa kingo tu. Iweke chini ya taa, uiinamishe taratibu mpaka mwanga uteleze juu yake. Kati ya mwisho wa muziki na lebo kuna ukanda laini, na humo kuna namba na herufi zilizochongwa au kugongwa muhuri. Bila mwanga wa mshazari huzioni kabisa.

Kwenye santuri nyingi za kampuni ya Blue Note za miaka ya 1950 utakuta RVG, au jina zima Van Gelder. Huyo ni Rudy Van Gelder, fundi aliyekuwa mtaalamu wa macho na miwani, akirekodi wanamuziki sebuleni kwa wazazi wake huko Hackensack, New Jersey, mpaka 1959 alipohamia studio yake ya Englewood Cliffs. Ukiziona herufi zake, ujue aliyerekodi ndiye aliyechonga sahani mama, ile ambayo nakala zote hutokana nayo.

Tafuta pia alama ndogo inayofanana na sikio. Ni herufi P iliyoandikwa kwa mkono, alama ya Plastylite, kiwanda kilichochapa santuri hizo. Katikati ya miaka ya 1960, baada ya Blue Note kuuzwa kwa kampuni ya Liberty, alama hiyo ilitoweka. Lebo nayo husaidia, kwa sababu anwani ilibadilika: kwanza Lexington Avenue, baadaye 47 West 63rd, kisha "New York USA" tu. Lakini usiiamini lebo peke yake, maana lebo zilizobaki zilitumika mpaka zikaisha. Alama za kwenye ukanda na lebo zikipatana, hapo una ushahidi.

Hatua ya 3: Pima hali yake

Mkwaruzo unaoonekana tu mara nyingi hausikiki. Ule unaokwama kidoleni utausikia. Kibaya kuliko yote ni uchakavu wa sindano nzito za zamani: santuri inang'aa vizuri, lakini tarumbeta ikipanda juu sauti inapasuka. Hilo halisafishiki, kwa hiyo omba usikilizishwe kwanza.

Hatua ya 4: Safisha kwa kujua unachosafisha

Kabla ya LP, yaani santuri ndefu za mizunguko 33 kwa dakika, kuingia sokoni mwaka 1948, santuri zilizunguka mara 78 kwa dakika, na nyingi zilitengenezwa kwa shelaki, utomvu unaotokana na wadudu. Spiriti huyeyusha shelaki. Nilijifunza hilo kwa machungu: niliifuta santuri ya 78 niliyoitafuta muda mrefu kwa pamba yenye spiriti. Pamba ikaja nyeusi, nikafurahi nikidhani ni uchafu. Ilikuwa santuri yenyewe. Sehemu ile ikafifia mng'ao, na nilipoipiga nikasikia mchakacho mtupu pale palipokuwa na klarineti. Mpaka leo naumia.

Tumia maji safi ya baridi yaliyochujwa chumvi, tone la sabuni laini na kitambaa laini, na lebo isilowe. Sindano nayo ni muhimu. Mifereji ya santuri ya 78 ni mipana, inahitaji sindano nene ya takriban sehemu tatu kwa elfu za inchi. Sindano ya LP huzama chini na kukokota vumbi.

Hatua ya 5: Sikiliza ukiwa na kalamu

Andika tarehe ya kikao, mahali, majina na vyombo vyao. Halafu andika tukio moja tu lililokugusa, na dakika yake. Mfano: kwenye So What, kibao cha kwanza cha Kind of Blue, karibu dakika moja na nusu, mpiga drams Jimmy Cobb anapiga toazi kwa nguvu Miles anapoingia. Mlio unatanda juu ya noti za kwanza za tarumbeta, kisha unayeyuka taratibu huku besi ikianza kutembea. Ukitupa jambo kama hilo, tutaweka santuri zetu na kusikiliza palepale ulipo wewe.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, shikamoo. Napuliza saksafoni. Nikipiga sambamba na upande wa kwanza wa Kind of Blue yangu ya zamani sauti hazikubaliani, lakini upande wa pili zinakaa sawa. Mashine yangu ni mbovu?

Jibu: Marahaba. Mashine yako ni nzima na sikio lako ni zuri. Vibao vitatu vya upande wa kwanza vilirekodiwa tarehe 2 Machi 1959, na siku hiyo mashine ya kurekodi ilikuwa ikienda polepole kidogo. Mkanda ulipopigwa kwa kasi sahihi, muziki ukapanda. Kosa lilisahihishwa kwenye matoleo ya miaka ya 1990. Kikao cha Aprili hakikuwa na shida hiyo. Kwa mazoezi, tafuta toleo lililosahihishwa.

Swali: Mkuu, kwa hiyo matoleo ya marudio yanaruhusiwa? Wengine humu wanayadharau.

Jibu: Mimi siyadharau hata kidogo. Chukua tamasha la Duke Ellington la Newport, 1956. Sehemu kubwa ya LP ya mwanzo ilipigwa upya studio na kuongezewa makofi. Kwenye tamasha lenyewe mpiga saksafoni Paul Gonsalves alipiga solo yake ya mizunguko 27 ya wimbo akielekea maikrofoni ya redio ya Sauti ya Amerika badala ya ile ya kampuni ya santuri. Kanda za redio hiyo zilipopatikana, toleo la 1999 likaturudishia usiku ule. Chapa ya kwanza ina thamani yake, lakini hapo ya marudio ndiyo yenye ukweli zaidi.

Swali: Namfuatilia mpiga saksafoni Charlie Parker. Nataka santuri zake akiwa na bendi ya Earl Hines, 1943. Nitafute lebo gani?

Jibu: Kaka, usijichoshe. Agosti 1942 chama cha wanamuziki wa Marekani kiligoma kurekodi. Kampuni ya Decca ilielewana nacho 1943, ila Victor na Columbia hawakuelewana nacho mpaka Novemba 1944. Bendi ile haikuingia studio wakati Parker akiwemo. Ndiyo maana bebop, mtindo mpya wa jazi wa akina Parker, inatujia kwenye santuri kama imezaliwa ikiwa mtu mzima, kwa sababu utoto wake haukurekodiwa. Anzia kikao chake cha 1945 kwa kampuni ya Savoy.

Swali: Mwalimu, nimefuata hatua ya 2 usiku huu na tochi ya simu. Upande wa kwanza nimeona RVG, na karibu yake kitu kama ndoano iliyopinda. Lebo inasema 47 West 63rd.

Jibu: Dada, hiyo ndoano igeuze kidogo uitazame tena, bila shaka ndilo sikio. Sasa angalia upande wa pili, maana lebo mbili za santuri moja wakati mwingine zina anwani tofauti. Tuandikie unachokiona, na majina ya wapigaji walioko nyuma ya jalada.