Ficha taarifa zako kwenye kikoa, lakini zisiwe za uongo

Kikoa ni jina la tovuti, na rekodi ya mmiliki wake inaweza kutafutwa na yeyote. Kwanza tazama watu wanaona nini. Kwa kikoa cha .com, .org au .net, fungua lookup.icann.org, andika jina lake, kisha shuka hadi palipoandikwa "Registrant". Huyo ndiye mmiliki. Vya .tz na vya .ke hutafutwa kwenye tovuti za wasimamizi wa vikoa wa nchi hizo.

Hadi Mei 2018 jina, simu na anwani ya mwenye kikoa cha .com kwa kawaida vilikuwa wazi kwa yeyote. Sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa binafsi ilipoanza kutumika tarehe 25 mwezi huo, wasajili wengi, yaani kampuni zinazosajili vikoa, walianza kuvifunika, na sasa mahali pake utakuta neno "REDACTED". Nchi, mkoa, msajili, tarehe ya kusajiliwa na ya kuisha hubaki kuonekana.

Chunguza sana sehemu ya "Organization", kwa sababu mara nyingi haifunikwi. Watu huijaza majina yao wenyewe bila kufikiri, jina likabaki hadharani. Tena ikijazwa, taasisi hiyo ndiyo huhesabiwa mmiliki. Kama huna kampuni, iache wazi.

Huduma ya kuficha taarifa iwashe kabla ya kulipia. Zipo tovuti zinazonakili rekodi hizi na kuzihifadhi miaka nenda miaka rudi, kwa hiyo ukiiwasha wiki moja baadaye, huenda nakala ya zamani imeshachukuliwa.

Kujificha kwa umma hakukupi ruhusa ya kumdanganya msajili. Ukisajili .com au ukibadilisha barua pepe yako, utatumiwa kiungo cha kuthibitisha. Siku 15 zikipita kimya, kikoa kinaweza kusimamishwa: hali yake inasomeka "clientHold", tovuti inazimika na barua pepe zake hazifiki. Ndiyo maana barua pepe ya mmiliki isiwe ya kikoa hichohicho. Kikizimika, hata ujumbe wa kukiokoa hutauona.

Linaloumiza watu zaidi ni fundi wa tovuti kusajili kikoa kwa jina lake. Taarifa zikishafunikwa, kwa nje huwezi kugundua. Mwombe mkae pamoja, afungue akaunti ya msajili, usome kwa macho yako jina na barua pepe ya mmiliki. Kama si zako, zibadilishwe hapohapo na uthibitishe kiungo. Fanyeni hivyo mapema, maana kwa vikoa kama .com, kubadilisha mmiliki kwa kawaida hufunga kuhamia kwa msajili mwingine kwa siku 60.

Mwisho, jaribu njia ya mawasiliano. Kwenye rekodi ile inayoonekana na umma, penye barua pepe ya mmiliki kwa kawaida patakuwa na anwani ya kificho au kiungo cha fomu. Tuma ujumbe kutoka barua pepe nyingine, kisha angalia kikasha chako, pamoja na folda ya taka. Usipofika, mwandikie msajili siku hiyohiyo: notisi ya madai juu ya jina lako inaweza kupitia njia hiyohiyo.