SOMO: Kamera ya Ricoh GXR na lenzi zake za kuvuta (zoom), kwa sisi wa nyanda za juu kusini

Wakuu, salama? Kuna wanaonunua GXR za mtumba wakidhani ni kamera ya kubadilisha lenzi kama nyingine. Siyo. Kwenye hii, iliyotoka 2009, lenzi na sensa (sehemu inayopokea mwanga) vimefungiwa pamoja ndani ya kipande kimoja. Bodi (mwili wa kamera) ina skrini, betri, memori kadi na vitufe. Ukibadilisha kipande umebadilisha kamera nzima, kwa hiyo amua kabla hujatoka nyumbani.

Hatua ya 1: Chagua kipande. S10 inavuta kuanzia milimita 24 hadi 72 (namba ndogo ni upana, kubwa ni kuleta cha mbali karibu), P10 kuanzia 28 hadi 300, na zote zina sensa ndogo. A16 ni 24 hadi 85, sensa yake ni kubwa na picha zake ni safi zaidi, ila ni nzito mkononi. Nguzo za asili za Isimila, kule Iringa, zinataka upana: 24 inatosha kabisa. Mimi niliwahi kwenda Ruaha na S10 peke yake. Tembo alikuwa ng'ambo ya mto, nikavuta mpaka mwisho, nyumbani nikamkuta mdogo kama mende kwenye mkeka. P10 ilikuwa kabatini.

Hatua ya 2: Zima, kisha chomeka. Kipande hakizungushwi, kinateleza kwa ubavu. Kilaze kwenye reli ya bodi, sukuma taratibu kuelekea mshikio mpaka usikie "ka!". Kikigoma usilazimishe, kitoe uanze upya.

Hatua ya 3: Fomati kadi ndani ya kamera. Weka A kwenye gurudumu la juu (wewe unachagua uwazi wa lenzi, kamera inachagua kasi).

Hatua ya 4: Kuvuta. S10 na P10 zinavuta kwa vitufe vya nyuma, A16 unazungusha pete kwa mkono. Kadiri unavyovuta ndivyo lenzi inavyopokea mwanga kidogo: P10 huanza f/3.5, mwisho wake ni f/5.6 (namba ya f ikikua, mwanga unapungua). Bana viwiko mbavuni au egemea mti. Na ile zoom ya kidijitali izime kabisa, inakuza chengachenga tu.

Hatua ya 5: Maua ya Hifadhi ya Kitulo. Kati ya Desemba na Aprili, washa makro, ile alama ya ua. S10 inakaribia hadi sentimita 1, lakini hapo kivuli cha lenzi kinalifunika ua lenyewe. Rudi nyuma kidogo, vuta kidogo, subiri upepo utulie. Na tafadhali using'oe okidi ili upate pembe nzuri. Walioondoka na viazi vyake kwenda kuuza chikanda (chakula cha Zambia kinachopikwa kwa viazi hivyo) wanatosha.

Hatua ya 6: Ukungu. Kamera ikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, hivyo inapunguza, na ukungu unatoka rangi ya majivu. Ongeza fidia ya mwanga +0.7, tazama skrini, ukihitaji fika +1.

MASWALI YA WANACHAMA

Kaka, nina lenzi za Canon. Zitaingia?
Moja kwa moja, hapana. Kuna kipande kiitwacho Mount A12, cha 2011, chenye sensa bila lenzi, kinachopokea lenzi za Leica M, na fokasi unazungusha mwenyewe. Hakikutengenezwa kwa lenzi za Canon.

Mimi niko Usangu, huku vumbi tupu. Naweza kubadilisha kipande shambani?
Hapo ndipo GXR inapoziacha wenzake, dada. Sensa imefungiwa ndani, haiguswi na vumbi wakati wa kubadilisha. Linda tu zile pini za kuunganishia: geuka, upepo uupe mgongo, futa kwa kitambaa kikavu. Usipulize kwa mdomo, mate yanafika.

Shikamoo mwalimu. Nilishuka kutoka Kitulo, nikaingia kwenye gari lenye hita, lenzi ikajaa jasho. Imeharibika?
Marahaba. Hapana, ni unyevu wa hewa ya joto umegusa kioo baridi. Usifute na usivute lenzi ndani na nje. Zima, iache ikauke yenyewe. Safari ijayo, kabla ya kuingia garini ifunge kwenye mfuko wa nailoni usiopitisha hewa, uufungue mkifika njia panda ya Isyonje, kamera ikiwa imeshapata joto.

Betri inaonyesha imejaa, nikifika juu inakata.
Ni baridi hiyo, mkuu. Beba mbili. Moja ikae mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili, uzibadilishane. Ile iliyokata usiihesabu imekufa, ikipata joto utapiga nayo picha kadhaa tena.