Kubadilisha chipu ya QFN isiyo na miguu: CP2102 kwenye bodi ya ESP32

Bodi nyingi za ESP32 (kompyuta ndogo ya chipu moja, ya kuendeshea vifaa) zinazouzwa Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, zina chipu nyeusi ya mraba karibu na tundu la USB, imeandikwa CP2102. Ni ya aina ya QFN, yaani badala ya miguu ina vipande bapa vya metali, pedi, chini yake. Kazi yake ni kuunganisha USB ya kompyuta na laini za TX na RX za ESP32, za kutuma na kupokea data. Kwa kuwa imekaa mlangoni, balaa lolote linaloingia kwa kebo linaanza nayo. Ikifa, ESP32 inaweza kubaki nzima kabisa, ila huna njia ya kuipakia programu.

Mafundi wengi waliozoea chipu za miguu wanaikwepa hii kwa sababu hawaoni pa kuweka ncha ya pasi ya kulehemu. Ni kweli, pa kuweka hapaonekani. Lakini ugumu wenyewe hauko pembeni. Kinachoamua kama kazi itasimama ni pedi ya katikati, ile iliyojificha chini ya tumbo la chipu. Karibu kila hatua hapa chini inaizungukia hiyo.

Kwanza ijue chipu yenyewe

CP2102 ni milimita 5 kwa 5, unene haufiki hata milimita 1, na ina pedi 28 ukingoni, 7 kila upande. Kutoka katikati ya pedi moja hadi katikati ya inayofuata ni nusu milimita. Chipu ya miguu 28 ya mtindo wa zamani, ile ya kuchomeka kwenye matundu, ina urefu wa kama milimita 35. Hapo ndipo utaona kwa nini simu, saa za mkononi na vifaa vya masikioni vimejaa QFN.

Kuna na faida ya umeme. Njia kutoka kwenye silikoni hadi kwenye bodi ni fupi, kwa hiyo mawimbi ya kasi hayasumbuliwi na urefu wa miguu. Joto nalo linashuka moja kwa moja kupitia pedi ya katikati, linaingia kwenye vitundu vilivyopakwa shaba, linasambaa kwenye tabaka za bodi. Pedi hiyo kwenye CP2102 ni kama milimita 3 kwa 3 na ni graundi.

Sasa geuza jambo hilo upande wetu sisi wa blowa, kile kipulizia cha hewa moto. Pedi inayotoa joto nje ya chipu vizuri ndiyo hiyohiyo itakayonyonya joto la blowa lako na kulitawanya kwenye bodi nzima. Ndiyo maana chipu ndogo kama punje inaweza kukugomea wakati kubwa yenye miguu 44 imeshatoka.

Hatua ya 1: Hakikisha kweli imekufa

Anza na kebo. Kebo nyingi za chaji hazina nyaya za data, na bodi ngapi zimeng'olewa chipu bure kwa sababu hiyo. Badilisha kebo, badilisha tundu la kompyuta.

Kisha ipe bodi volti 5 kwenye pini yake ya umeme. Kama programu iliyokuwemo inatembea, ESP32 ni nzima. Pima volti kwenye pedi namba 6 ya CP2102, inayoitwa VDD: unatarajia karibu 3.3. Gusa chipu kwa uangalifu. Ikiwa inaunguza kidole wakati haina kazi yoyote, umeshapata jibu.

Zima umeme, weka multimita kwenye alama ya dayodi. Waya mwekundu kwenye graundi, mweusi kwenye pedi namba 4 na 5, ambazo ni laini mbili za data za USB. Chipu nzima hutoa usomaji wa kati ya 0.4 na 0.7 hivi kwa sababu ya dayodi za ulinzi zilizomo ndani. Sifuri maana yake shoti. Ukiwa na bodi nyingine nzima ya aina hiyohiyo, linganisha. Huo ni mwongozo bora kuliko namba yoyote nitakayokupa mimi.

Hatua ya 2: Chipu mpya

Soma maandishi kwa lenzi. CP2102, CP2102N na CP2104 si kitu kimoja. CP2104 ni ndogo zaidi, milimita 4 kwa 4, haitakaa. CP2102N ya pedi 28 itakaa vizuri tu, lakini pedi yake ya VBUS, inayopokea volti 5 za USB, inataka resista mbili za kugawa volti, na kwenye bodi iliyochorwa kwa ajili ya CP2102 ya zamani huenda hazipo. Nunua ileile uliyoitoa.

Halafu unyevu. Plastiki ya chipu hunywa maji ya hewani polepole. Ukiipiga joto ghafla, maji yanageuka mvuke na chipu inapasuka kwa ndani, pengine bila alama yoyote ya nje. Kiwandani chipu za ngazi ya 3 ya unyevu huruhusiwa saa 168 tu nje ya mfuko wake, tena kwa hewa ya nyuzijoto 30 na unyevu wa asilimia 60. Dar es Salaam au Mombasa hewa yetu inazidi hapo mara nyingi, na chipu za kuuziwa kwenye kifuko cha nailoni hakuna ajuaye zimekaa dukani tangu lini. Zioke kwenye nyuzijoto 125 usiku kucha ndani ya oveni isiyotumika kwa chakula. Kwanza zitoe kwenye utepe wake wa plastiki, maana utepe huo utayeyuka.

Hatua ya 3: Andaa bodi

Piga picha ya karibu. Tafuta kidoti cha pedi namba 1 juu ya chipu na alama yake kwenye bodi. Chipu ya mraba inaweza kukaa kwa namna nne na tatu kati ya hizo ni za kuiua.

Funika tundu la USB, reli za pini na moduli yenye kofia ya bati kwa tepu ya Kapton, ile inayostahimili joto, juu yake karatasi ya alumini. Moduli ya ESP32 ni ya kuangaliwa sana: lehemu iliyo chini ya kofia nayo huyeyuka, na ukiitikisa bodi wakati huo vipande vya ndani vinahama.

Hatua ya 4: Kuing'oa

Paka fluksi ya jeli, dawa inayosaidia lehemu kushika, kuzunguka kingo nne. Mafundi wengi hupitisha waya wa lehemu yenye risasi pembeni ili ichanganyike na ya kiwandani na kuyeyuka mapema. Ni mbinu nzuri, ila ijue mipaka yake. Lehemu ya bati na risasi ya 63 kwa 37 huyeyuka kwenye nyuzijoto 183. Ile ya kiwandani isiyo na risasi, ya bati, fedha na shaba, inaanzia 217. Mchanganyiko wako umefika ukingoni tu. Katikati bado ni lehemu ya kiwandani, na imeshikana na kipande kikubwa cha shaba. Kwa hiyo ukiona pembeni panang'aa na kuchezacheza, usivute. Pembeni panakudanganya.

Pasha bodi kutoka chini kwanza, kati ya nyuzijoto 100 na 150, kwa sahani ya joto kama unayo. Kisha blowa kutoka juu, 350 hadi 380 kwenye kioo chake, upepo wa chini hadi wa kati, ukizungusha bila kusimama sehemu moja. Namba ya kwenye kioo ni ya hewa ikitoka mdomoni. Chipu yenyewe iko chini sana ya hapo, na ukiinua mkono sentimita moja tu hesabu zote zinabadilika.

Kila baada ya sekunde chache isukume chipu kidogo sana kwa ncha ya kibanio. Ikisogea na kurudi yenyewe mahali pake, katikati pameyeyuka. Hapo inyanyue wima. Kama haisogei, ongeza muda au joto la chini, usiongeze nguvu. Pedi za ukingoni kwenye bodi zina upana wa robo milimita hivi, na fundi akichokonoa anaondoka nazo.

Hatua ya 5: Safisha

Fluksi mpya, waya wa shaba wa kunyonya lehemu, pasi yenye ncha pana. Pita pedi za pembeni kwa upole, mwelekeo mmoja, na ukiona waya umeganda usiuvute: rudisha pasi juu yake kwanza. Katikati nyonya mpaka ibaki ngozi nyembamba, tambarare. Futa kwa alkoholi ya isopropili, tazama kwa lenzi. Rangi ya bodi kati ya pedi na pedi lazima ionekane kote.

Hatua ya 6: Kuweka lehemu

Hapa ndipo kazi yote ilipo, kwa hiyo taratibu.

Lehemu ikizidi katikati, chipu inainuka na kukaa juu ya kilima kama ngalawa iliyopwelewa juu ya fungu la mchanga, na pedi za pembeni zinaning'inia hewani bila kugusa bodi. Utaisukuma, itazunguka tu. Nyingine huegemea upande mmoja: pedi 20 zinashika, 8 hazishiki, na utapoteza mchana mzima ukilaumu chipu.

Ikipungua mno katikati, CP2102 pengine itafanya kazi, maana haitoi joto kubwa. Chipu ya kuendesha mota au ya kuchaji betri haitakusamehe. Itawaka vizuri mezani kwako, ikifungwa ndani ya kasha na kupewa mzigo itaungua.

Ukiwa na stensili (bamba lenye matundu ya pedi) ya unene wa milimita 0.1 au 0.12, tumia pesti, yaani lehemu laini ya kupaka. Angalia tundu la katikati la stensili: liwe limegawanywa vidirisha, 4 au 9, vinavyoacha pesti kwenye asilimia 50 hadi 80 ya eneo la pedi. Kama stensili yako ina tundu moja kubwa la mraba, ziba sehemu yake kwa tepu. Vidirisha vinasaidia pia gesi ya fluksi itoke badala ya kubaki mapovu chini ya chipu.

Bila stensili, fanya hivi. Paka fluksi kwenye bodi, chukua tone dogo la lehemu kwenye ncha ya pasi, lipitishe juu ya pedi za kila upande. Kila pedi itabaki na kituta chake. Kisha geuza chipu tumbo juu, fluksi tena, uzipake pedi zake za ukingoni. Pedi ya katikati ipake upande mmoja tu, wa bodi au wa chipu, usipake pande zote mbili. Shusha macho usawa wa meza utazame kwa ubavu: vituta vya pembeni viwe sawa na katikati au virefu kidogo. Katikati pakizidi, nyonya uanze upya. Mimi sijali kurudia hatua hii. Ni nafuu kuliko kung'oa tena.

Hatua ya 7: Kuirudisha

Fluksi kidogo katikati, kidoti upande wake, chipu juu. Pedi za bodi hutokeza nje ya chipu. Zitokeze kwa kiasi sawa pande zote nne. Joto la chini kwanza, dakika moja au mbili, ndipo blowa.

Utaiona chipu inazama kidogo na kujivuta yenyewe katikati. Isukume kwa upana wa unywele: irudi. Ukiona imeelea, ibonyeze juu mara moja, kwa upole, lehemu ya ziada itoke ukingoni, utaiondoa baadaye kwa pasi. Ondoa blowa na usiguse kitu mpaka lehemu igande.

Sasa fluksi ukingoni na ncha safi ya pasi, gusa ubavu wa kila pedi. Baadhi ya mbavu zitakataa lehemu. Usihangaike nazo. Chipu hizi hukatwa kwa msumeno kutoka kwenye bamba kubwa, na shaba iliyokatwa hapo haina kinga, inapata kutu mapema. Kiungo chenyewe kiko chini. Viwandani hukitazama kwa eksirei, na chipu za magari hutengenezwa zikiwa na mbavu zilizochongwa na kupakwa bati makusudi ili kamera ikione. Sisi tuna multimita.

Hatua ya 8: Kupima

Safisha fluksi yote. Rudia kipimo cha dayodi kwenye kila pedi unayoweza kuifuata kwa njia zake bodini; pedi inayotumika ikisomeka wazi kabisa, haijashika. Pima shoti kati ya pedi jirani, halafu kati ya graundi na namba 6, 7 na 8.

Washa mara ya kwanza kwa paua saplai ya volti 5 iliyowekewa kikomo cha miliampia 500. Ikigonga kikomo na kubaki hapo, zima. Ikitulia, hamia kwenye kompyuta. Kwenye Linux andika amri lsusb, inayoorodhesha vifaa vya USB, utafute 10c4:ea60, namba ya utambulisho ya CP2102. Chipu mpya huja na namba hiyo tayari, hakuna cha kuiprogramu.

Matokeo yakiwa nusunusu, yenyewe yanakuonyesha pa kurudi. Kompyuta ikisema kifaa hakitambuliki, nenda pedi 4 na 5. Ikikiona kifaa lakini hakuna kinachopita, ni 25 na 26, yaani RXD na TXD. Na kama programu inaingia pale tu unaposhikilia kitufe cha BOOT kwa kidole, basi ni 24 au 28, RTS na DTR, zinazoiamrisha ESP32 iingie kwenye hali ya kupakiwa. Fluksi na ncha ya pasi kwenye pedi hiyo moja mara nyingi hutosha. Zikiwa kadhaa na zote za upande mmoja, chipu imeegemea. Rudi hatua ya 6 upunguze katikati.