Kuvuta trela la kambi Arusha hadi Serengeti: pima mafuta kabla ya kumpa mteja bei

Mzigo wa safari ya kambi ni mwingi: mahema, magodoro, meza, mitungi ya gesi, masanduku ya chakula, madumu ya maji. Ndiyo maana wengi wetu tunaoendesha Land Cruiser za watalii tunafunga trela nyuma. Shida huanzia kwenye bei. Mtu anamwambia mteja, "mafuta ni yale yale, ongeza kidogo tu," na hicho kidogo ndicho kinachomlia posho. Iliwahi kunikuta. Siku sita za kambi nilizipigia hesabu ya kichwani, na siku ya tano nikajikuta nanunua dizeli ya kwenye dumu kwa bei aliyopanga mwenye dumu. Tangu hapo napima, na hivi ndivyo ninavyofanya.

Hatua ya 1: Jua gari linakula kiasi gani bila trela

Jaza tangi mpaka pampu ijikate yenyewe mara ya kwanza, basi. Usimwache mhudumu aendelee kukamua matone ili afikishe elfu kamili, kwa sababu matone hayo ndiyo yanayoharibu kipimo. Andika kilomita zilizo kwenye dashibodi. Nenda na kurudi kwa njia moja, angalau kilomita 300 kwa jumla, ili milima na upepo vifidiane. Kisha rudi kituo kile kile, pampu ile ile, ujaze tena hadi ijikate. Lita zilizoingia ndizo ulizotumia. Mshale wa mafuta usiutegemee kwa kazi hii.

Tuseme umekwenda kilomita 400 na zimeingia lita 56. Hiyo ni lita 14 kwa kila kilomita 100.

Hatua ya 2: Rudia njia ile ile na trela lililojaa

Pakia mzigo halisi wa safari, maji yakiwemo, na uende mwendo uleule. Tuseme safari hii zimeingia lita 76, yaani lita 19 kwa kilomita 100. Tofauti ni lita 5. Hizo lita 5 ndizo gharama ya trela lako, likivutwa na gari lako kwa mguu wako. Za dereva mwingine hazikufai.

Kipimo cha lami peke yake hakitoshi. Kwenye changarawe iliyolegea matairi huzama kidogo na kusukuma mawe, na nguvu ya kulifanya trela liviringike huongezeka hata mara mbili. Kama unaweza, pima lami mbali na changarawe mbali.

Hatua ya 3: Tenganisha kilomita za trela na za kuzunguka

Trela hubaki kambini. Wanyama unawafuata na gari peke yake. Arusha hadi Seronera, katikati ya Serengeti, ni karibu kilomita 325, kwenda na kurudi 650. Kwa lita 5 kila kilomita 100, trela limekula lita 32 na nusu. Kilomita za kuzunguka mbugani zihesabu kando, na zina kipimo chake, maana unakwenda taratibu na mara nyingi injini inanguruma gari limesimama. Anayezidisha kilomita zote kwa kiwango cha trela anamfukuza mteja. Anayezidisha zote kwa kiwango cha gari tupu anajilipisha mwenyewe.

Hatua ya 4: Jua mafuta yanapotelea wapi

Hapa wengi wetu tunakosea. Tunauogopa mlima. Kutoka Mto wa Mbu, karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, unapanda hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro, kwenye mita 2,300 hivi. Injini inalia, mshale wa joto unasogea, unahisi kama tangi limetoboka. Sasa piga hesabu: kulinyanyua trela la tani moja mita 1,300 kunataka dizeli lita moja na robo hivi, kwa injini ya kawaida. Ni hiyo tu.

Mafuta mengi yanapotea pale unapojisikia raha, kwenye lami iliyonyooka kuelekea Makuyuni. Ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo: ukitoka kilomita 80 kwa saa kwenda 100, unaongezeka kwa asilimia 56. Na umeokoa nini? Kwa kipande cha kilomita 80, dakika 12. Mimi na trela sivuki 80.

Upepo huohuo ndio sababu ya kupanga mzigo usichomoze juu ya paa la gari. Turubai likaze mpaka ukilipiga kofi lilie kama ngoma. Linalopigapiga njiani linavuta gari nyuma.

Hatua ya 5: Mzigo na upepo wa tairi

Vizito viwe chini, juu ya ekseli, vikiegemea mbele kidogo. Mguu wa mbele wa trela uweke juu ya mizani ya magunia: kama asilimia 10 ya uzito wote inatosha. Mguu huo ukiwa mwepesi mno, mkia wa trela utayumba. Upepo wa tairi upime asubuhi, tairi zikiwa baridi.

Hatua ya 6: Weka bei

EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo ya mafuta kila mwezi, na hutofautiana mji hadi mji kwa kuwa mafuta husafirishwa kutoka bandarini. Angalia ya Arusha na ya Karatu, na ujaze Karatu kabla ya lango la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro. Kwa mfano wa shilingi 3,000 kwa lita, trela letu limekula 97,500. Gari la pili la kubebea mzigo huo, kwa lita 14 kila kilomita 100, lingekula 273,000 bila mshahara wa dereva wake. Kama safari iko miezi mbele, mwandikie mteja idadi ya lita, na bei ya lita iwe ya mwezi wa safari.

Ukirudi Arusha pita kituoni kwanza, ujaze trela likiwa bado nyuma, uandike lita na kilomita kwenye daftari. Kisha sogeza kiganja karibu na kikombe cha katikati ya kila gurudumu la trela. Kimoja kikiwa cha moto kuliko mwenzake, huenda beringi ina vumbi, na kabla ya safari nyingine ifunguliwe, isafishwe na kutiwa grisi.