Unataka kuanza joging? Andaa mwili kwanza

Kila Januari ni yaleyale, mtu ananunua raba mpya, anajiunga na kikundi cha joging cha mtaani, Jumamosi ya kwanza anakimbia kilomita nane na watu waliozoea, Jumapili kushuka ngazi hawezi na Jumatatu keshaacha. Kama mwaka mzima umekuwa mtu wa ofisini, daladala, kitandani, usikurupuke, jipe wiki tatu za kuandaa mwili kabla hujaanza kufukuzana na wenzio.

Kwanza kapime presha. Hii usiiruke, hasa kama umevuka 40, una kitambi au kwenu kuna watu wa presha na kisukari. Kaa kwenye kiti utulie kama dakika tano ndo upimwe, usipime umetoka kupanda ngazi au kunywa kahawa, itasoma juu bure. Chini ya 120/80 uko poa. Ikifika 140/90 rudia siku nyingine, ikibaki hukohuko muone daktari, sio kwamba umekatazwa mazoezi, tena mazoezi yenyewe yanasaidia kushusha, ila akuweke sawa kwanza. Ikifika 180/110 habari ya kukimbia weka pembeni, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na kama ukipanda ngazi kifua kinabana, au umewahi kuzimia, usianze chochote kabla hujaongea na daktari. Wa kisukari mnaochoma insulini, mazoezi yanashusha sukari, kwa hiyo pima kabla ya kutoka, ikiwa chini ya 5 (mmol/L) kula kitu kwanza, na mfukoni iwepo glukosi au pipi.

Wiki mbili za mwanzo ni kutembea tu. Najua unaona kama dharau, ila pumzi huwa inakuja haraka halafu kano za kisigino na mfupa wa ugoko vinachelewa, ndo maana mtu wiki ya tatu anajiona yuko fiti anaongeza mwendo na ugoko unaanza kuuma papo hapo. Tembea dakika 20 hadi 30, siku nne au tano kwa wiki, mwendo wa mtu anayewahi daladala, yaani kuongea unaweza ila kuimba huwezi. Wiki ya tatu changanya, kimbia dakika 1 tembea 2, rudia mara sita hadi nane, na siku za kukimbia zisifuatane.

Nyumbani imarisha miguu. Inuka na kukaa kwenye kiti bila kushika popote, mara 10, pumzika, rudia. Nyingine ambayo mimi naona ndo yenyewe: simama kwenye ngazi na nusu ya mbele ya nyayo, visigino vining'inie, shika ukuta, inuka juu halafu shuka pole pole ukihesabu mpaka tatu. Ukishuka kwa kudondoka hujafanya kitu, faida iko kwenye kule kushuka.

Siku ya kukimbia usianze kujinyoosha ukiwa umetoka tu kitandani, misuli bado ya baridi. Pasha kwanza, tembea haraka dakika 5, inua magoti, zungusha nyonga, rusha mguu mbele na nyuma, kule kuinama ukashikilia vidole kuache mpaka umalize.

Raba za mtumba sina ugomvi nazo, ila pale soko la Karume, Dar, usiangalie chapa tu, bonyeza soli kwa kidole gumba, ikiwa ngumu kama ubao imeshakufa, na ukiiweka mezani ikalalia upande mmoja achana nayo. Mbele ya kidole kikubwa ibaki nafasi ya upana wa kidole.

Halafu hii ya kujifunga nailoni tumboni ili nyama za uzembe ziyeyuke, jamani, linalotoka pale ni jasho, ukinywa maji kilo zinarudi, na kwa joto la Dar unaweza kuanguka. Kimbia mapema, saa kumi na mbili asubuhi.

Misuli ikikaza siku ya pili na ya tatu usiogope, inaisha yenyewe. Maumivu ya sehemu moja kwenye mfupa, ukigusa unaruka, hapo pumzika. Mkojo ukitoka rangi ya kokakola baada ya mazoezi makali wahi hospitali, misuli inavunjika na figo ndo zinaumia. Na ukiwa na homa usikimbie ili "uitoe kwa jasho", kapime malaria.