Somo: Kuchagua na kurekebisha mashine ya kujazia mirija ya praima

Habari za Jumapili, wana shabaha. Mwezi huu nimeulizwa mara tatu swali lilelile: ninunue mashine gani ya kujazia mirija, na mbona yangu inakwama kila mara? Nikaona niandike mara moja, mambo yaishe.

Tuelewane kwanza. Somo hili ni la sisi tulio Marekani, ambako sheria ya shirikisho inamruhusu mtu kujaza upya risasi za matumizi yake mwenyewe bila leseni. Ukitaka kuziuza, hiyo ni leseni ya aina ya 06 na ni habari nyingine. Majimbo nayo yana masharti yake, soma ya kwako. Nyumbani Kenya na Tanzania sheria ni nyingine kabisa. Usimrushie binamu somo hili ukamwambia ajaribu.

Praima ni kile kikombe kidogo chenye kilipuzi, kilichopachikwa kwenye kitako cha ganda la risasi ili kuwasha baruti. Wazee wenye magobori walikuwa na kitu cha jamii hiyo wakakiita fataki, na jina hilo likukumbushe unashika nini. Ndogo ina kipenyo cha inchi 0.175, kubwa 0.210. Mrija ndio unaozipeleka moja moja kwenye mashine ya kujazia risasi, na mmoja hubeba 100.

Kuchagua

Chaguo la kwanza ni sinia la kugeuzia na mrija wa kuokotea. Unamimina praima, unatikisa sinia kidogo mpaka zote zitazame upande mmoja, kisha unazidona moja moja kwa ncha ya mrija kama kuku anayekula mtama. Ukipiga risasi chini ya 300 kwa mwezi, baki hapa. Hela iliyobaki nunua baruti.

La pili ni kijazio cha mkononi cha betri, mfano Frankford Arsenal Vibra-Prime. Bei nafuu, lakini kinataka mkono uliotulia, na kuna siku kinagoma tu.

La tatu ni mashine ya umeme ya mezani, mfano Dillon RF100. Bakuli linatetemeka, praima zinapanda njia ya mzunguko, zilizogeuka vibaya zinaangushwa zirudi chini, zilizo sawa zinadondoka kwenye mrija. Hapa angalia mambo mawili: mrija ukae ndani ya kinga ya chuma wakati unajazwa, na vipuri viwe vya ukubwa wa praima unazotumia. Kinga ndiyo ninayoitazama kabla ya bei. Praima moja ikilipuka ndani ya mrija, nyingine 99 zinaweza kuifuata.

Kurekebisha

Kabla ya yote vaa miwani ya kinga, ondoa baruti mezani, gusa chuma kilichounganishwa na ardhi ili umeme tuli ukutoke mwilini. Zulia na sweta la sufi si rafiki zako. Toa praima 100 tu. Zilizobaki ziache kwenye kasha lake la kiwandani, na kasha likae mbali.

Sasa weka pima maji juu ya mashine. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Meza ya gereji yangu imeinama kidogo kuelekea mlangoni, maana sakafu ilimwagwa hivyo ili maji yatoke. Kwa miezi miwili nilikuwa nikiongeza mtetemo nikidhani mota imechoka. Nilipoweka kipande cha kadibodi chini ya mguu mmoja, praima zikaanza kupanda kama siafu.

Kisha punguza mtetemo hadi mwisho, weka praima 10, uongeze taratibu. Unatafuta pale zinapotembea kwa kufuatana bila kuruka. Sikiliza: tik, tik, tik yenye nafasi ni nzuri. Ukisikia kama mvua ya mawe kwenye bati, umezidisha, na zilizogeuka zitapenya.

Mwisho zirudishe hizo 10 kwenye sinia, zikiwa vilevile zilivyotoka, na uzikague. Fuawe, kile kichuma cha pembe tatu kilicho ndani ya kikombe cha praima, kinatakiwa kiwe juu praima inapoingia kwenye mashine ya kujazia risasi. Ikiwepo hata moja iliyogeuka, usiendelee; punguza mtetemo urudie. Zikipita zote, jaza 100.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Houston: Kaka, praima ikikwama kwenye mdomo wa mrija, naisukuma na nini?
Jibu: Husukumi, ndugu yangu. Chomoa umeme, inua mrija, uutikise taratibu juu ya sinia. Isipotoka, mrija huo umejikunja mdomoni au una uchafu. Weka nje, umpigie simu mtengenezaji. Bisibisi na waya wa chuma visiingie humo kamwe.

Mwanachama wa Minneapolis: Shikamoo mzee. Yangu ilikuwa nzuri, nimebadilisha chapa ya praima sasa hazipandi.
Jibu: Marahaba. Ni kawaida. Nyingine zina rangi ya kinga, nyingine zimepakwa nikeli, hazitelezi sawa. Anza upya na zile 10. Mimi nimeandika kwa penseli kwenye mashine kifundo cha mtetemo kikae wapi kwa kila chapa.

Mwanachama wa Dallas: Nisafishe bakuli kwa mafuta ili ziteleze?
Jibu: Hapana! Mafuta yanaua praima. Tumia kitambaa kikavu, au chenye spiriti kidogo, ukisubiri ikauke kabisa, na mashine ikiwa tupu. Lile vumbi lina risasi, yaani ile metali, kwa hiyo nawa mikono kwa sabuni kabla hujagusa chapati.

Mwanachama wa Columbus: Naweza kujaza mirija kumi Jumamosi, nitumie wiki nzima?
Jibu: Hapana, dada. Jaza unaoutumia sasa hivi. Mrija uliojaa ukisahaulika rafuni siku moja mtoto ataufikia.