Taya linauma au limegoma kufunguka? Chagua tiba hivi
Kabla hujakubali sindano yoyote muulize daktari maumivu yanatoka kwenye jointi au kwenye misuli, maana botoksi inalegeza misuli tu, jointi iliyokwama haiisaidii. Kama mdomo umegoma kufunguka ghafla ulizia kuoshwa jointi: unapigwa ganzi, sindano mbili zinaingia mbele ya sikio, maji ya dripu yanaingia huku yanatokea kule, na kawaida siku hiyohiyo unarudi nyumbani. Ikifika hatua ya sindano, mi ningeanza na hiyo. Atroskopi ni kamera ndogo, daktari anaona ndani na anaweza kuachanisha vilivyogandana, ila mara nyingi ni nusu kaputi na gharama inapanda. Sindano ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, inatuliza maumivu lakini usikubali irudiwerudiwe, inaweza kula gegedu, ule utando laini unaokinga mifupa kwenye jointi. Na jamani, vyakula laini, mazoezi ya taya na kifaa cha kuvaa kwenye meno usiku vijaribiwe kwanza, wengi wanapata nafuu hapohapo.